Alama ya X Haizuii Maji

Mashabiki wa soka Tanzania hulitaja bonde moja kila wiki bila kulifikiria. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Wana Jangwani, na majina yote mawili yanalihusu bonde lile lile la Mto Msimbazi linalolikata jiji la Dar es Salaam kutoka vilima vya Pugu hadi baharini. Kwa shabiki wa Mwanza au Kigoma hayo ni majina ya timu tu. Kwa dereva wa Barabara ya Morogoro, Jangwani ni mahali ambapo mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi anageuza gari Magomeni kwa sababu njia imefungwa. Na kwa aliyepanga chumba Mchikichini, Kigogo au Suna, ni mahali ambapo godoro hupandishwa juu ya meza mara tu wingu linapofunga upande wa Pugu.

Mto wenyewe, ukiutazama mwezi Septemba, hautishi. Una urefu wa kilomita 35 hivi, na sehemu kubwa ya mwaka ni kijito cha maji ya kahawia kinachopita katikati ya matuta ya mchicha na matembele. Tatizo ni kwamba hauji peke yake. Maji ya Kisarawe na Pugu hushuka kupitia Kinyerezi, ya Segerea na Tabata huingia ubavuni, na ya Ubungo, Sinza na Mto Ng'ombe unaopita Tandale huja kutoka upande wa pili. Yote hukutana kwenye uwanda ulio chini, pale Jangwani, kisha hutakiwa kutokea kwenye mlango mmoja mwembamba wenye mikoko karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari nayo huwa imejaa, na maji ya mto hayana pa kwenda ila kusambaa vyumbani mwa watu.

Desemba 2011 nchi ilikuwa imetoka tu kusherehekea miaka 50 ya Uhuru. Tarehe 20 mvua ikaanza. Siku moja peke yake ilileta zaidi ya milimita 150, kiasi ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema hakijaonekana jijini tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa, maelfu wakakosa makazi, wengine wakakaa juu ya mapaa ya nyumba zao wakisubiri kuokolewa. Mafuriko yalirudi 2014, yakarudi tena Aprili 2018. Watafiti waliofuatilia hasara ya kaya baada ya yale ya 2018 kwa ajili ya Benki ya Dunia waliikadiria kuwa zaidi ya dola za Marekani milioni 100 kwa tukio hilo moja. Ndani ya hesabu hiyo mna majokofu yaliyoungua, vyerehani vilivyoshika kutu, magunia ya unga yaliyolowa, na siku ambazo mama lishe hakuuza hata sahani moja.

Sheria zipo, tena zinaeleweka. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliliona bonde kuwa eneo la hatari lisilofaa kwa makazi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto miongoni mwa maeneo hatarishi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizo hizo 60. Kwenye karatasi, Msimbazi ni bonde lililolindwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kwenye ardhi mambo yakaenda kivyake. Kariakoo iko hatua chache. Mchuuzi anayetakiwa kufika sokoni saa kumi na moja alfajiri hawezi kuishi mahali panapomtaka apande magari mawili, na mpagazi anayelipwa kwa mzigo anatafuta chumba anachoweza kukifikia kwa miguu. Bondeni kodi ilikuwa nafuu kwa sababu kila mtu alijua ni nafuu kwa nini. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa. Wa bondeni ni sehemu ya mkumbo huo, tofauti yao ni kwamba wao walijenga mahali ambapo maji nayo yanapahitaji.

Tena hawakujenga gizani. Nguzo za umeme zilifika, mabomba yakafika, kodi ya majengo ikadaiwa, wagombea wa udiwani wakapita kuomba kura. Hoja hiyo wakazi wameitoa kila walipoambiwa ni wavamizi, na ni vigumu kuipuuza, hasa ukizingatia kwamba Serikali nayo ilijenga bondeni. Karakana kuu ya mabasi ya mwendokasi, huduma iliyoanza Mei 2016, iliwekwa Jangwani, katikati kabisa ya uwanda wa mafuriko. Haikuchukua muda mabasi yakapigwa picha yakiwa ndani ya maji, na huduma ya mwendokasi ikawa inasimama kwa sababu ya uamuzi huo mmoja wa matumizi ya ardhi. Mama mwenye vyumba viwili vya matofali pale Suna anaweza kuambiwa hakujua. Waliochora karakana ile wana kisingizio gani?

Jibu la kwanza la wenye mamlaka siku zote limekuwa kuhamisha. Baada ya mafuriko ya 2011, Rais Jakaya Kikwete alielekeza waathirika wapewe viwanja Mabwepande, upande wa kaskazini kuelekea Bagamoyo, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo. Wazo lilikuwa jema, na leo kuna familia zilizojijenga kule. Lakini viwanja vilikwenda kwa wenye nyumba. Wapangaji, ambao bondeni ni wengi, wakabaki na vyombo vyao vilivyolowa. Baadhi ya waliopata kiwanja waligundua kuwa nauli ya kwenda kwenye biashara inakula faida yote, wakauza au wakapangisha, wakarudi mjini kutafuta chumba kingine. Kwenye bonde, bila shaka.

Desemba 2015 likaja jibu la pili. Nyumba zilipigwa alama nyekundu ya X, kisha tingatinga likashuka Mkwajuni, Hananasif na Suna. Watu walitoa milango na mabati kabla hayajapondwa, wengine wakakimbilia mahakamani, na mwanzoni mwa 2016 zoezi likasuasua. Picha zilizobaki ni za familia zilizotandika maturubai juu ya vifusi vya nyumba zao wenyewe. Baadaye vibanda vikaota upya pale pale.

Kinachosahaulika katika vurugu hizo zote ni kwamba sehemu kubwa ya mafuriko ya Jangwani hutengenezwa kwingine. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 100 kule Kinyerezi. Mvua ya milimita 150, kama ile ya 2011, inamwaga juu ya paa hilo lita 15,000 za maji. Zamani, pale palipokuwa na mikorosho na nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini na iliyobaki ikateremka polepole. Sasa inapiga bati, inaanguka kwenye sakafu ya saruji, inapita chini ya geti na kuingia barabarani ndani ya dakika chache. Nyumba 10,000 za namna hiyo zinatoa mita za ujazo 150,000. Zikitoka zote kwa pamoja, ndipo mto unapofumka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, unakoanzia Mto Msimbazi, nayo kwa miongo mingi ilikatwa kwa ajili ya mkaa na kuni. Mwenye nyumba wa Kinyerezi hajawahi kupigwa alama ya X kwa sababu ya maji yake, na pengine hajui yanakoishia.

Halafu kuna mchanga. Jiji linalojenga kila siku linahitaji mchanga kila siku, na mto unautoa bure kwa mwenye koleo. Vijana huingia mtoni, huchota, hupakia kwenye malori. Kingo zinaporomoka, mto unapanuka kila masika, na nyumba iliyokuwa mbali na maji miaka kumi iliyopita leo ina choo kinachoning'inia hewani. Udongo uliomeguka huko juu hausafiri hadi baharini. Ukifika Jangwani, ambako mto unapunguza kasi, unatua. Kina cha mto kinapungua, madaraja yanazibika, na mvua ambayo zamani ingepita chini ya barabara sasa inapita juu yake.

Taka nazo zina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kuendelea kumwaga taka kwenye dampo lililokuwa bondeni, karibu na makazi yao. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliwapa ushindi, hukumu ambayo wanasheria wa mazingira wanaitaja hadi leo. Dampo likahamishwa, likazunguka, na kabla ya kupelekwa Pugu Kinyamwezi likapitia Vingunguti, bonde lile lile. Shauri kama hilo linafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kuwa wananchi ndio wachafuzi. Ni kweli kwamba mitaro hujazwa chupa na mifuko, na kwamba mvua ikianza wapo wanaofungua vyoo na kuvitapisha ili kukwepa gharama ya gari la maji taka. Ni kweli pia kwamba gari la taka haliwezi kuingia kwenye uchochoro wa mita moja na nusu, na kwamba vyoo vingi bondeni hujaa haraka kwa sababu maji ya ardhini yako karibu.

Na mkazi akiachwa peke yake na maji, hujitetea peke yake. Hununua lori la kifusi na kuinua kiwanja chake. Hujenga kizingiti cha matofali mlangoni, kimo cha goti, ambapo wageni hujikwaa. Hupanga matairi na viroba vya mchanga ukingoni. Kila moja ya mbinu hizo inamfaa yeye, na karibu kila moja inamsukumia maji jirani. Jirani naye ananunua kifusi chake. Baada ya miaka michache mtaa mzima umepanda nusu mita, njia ya maji imekuwa nyembamba kuliko mwanzo, na anayezama ni yule ambaye hakuwa na fedha ya lori.

Hapo ndipo ushiriki wa jamii unapopata maana. Neno hilo limechoshwa na warsha. Mara nyingi humaanisha kuwaita watu ukumbini, kuwapa soda na kuwasomea mpango uliokwishaamuliwa. Lakini Dar es Salaam yenyewe ina mifano ya kitu kingine, na mmoja una umri wa miaka thelathini.

Hananasif, kata ya Kinondoni inayopakana na bonde, ilikuwa ikizama kila masika. Miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, Ford Foundation na wengine, na kwa ushauri wa wataalamu wa chuo kinachojulikana sasa kama Chuo Kikuu Ardhi, wakazi waliunda chama chao cha maendeleo na kuingia mkataba wa kazi. Hawakuletewa mkandarasi. Walichimba mitaro ya maji ya mvua wenyewe, wakapanga mawe, wakachanganya zege, wakatengeneza barabara za changarawe, na walilipwa kwa kazi hiyo. Wanawake nao walikuwamo kwenye safu za wachimbaji. Kabla ya hapo yalikuwapo majadiliano magumu kuliko kuchimba: mtaro upite wapi. Katika eneo lisilopimwa, mtaro ukinyooka lazima umege ukuta wa mtu, choo cha mtu, kibaraza cha duka la mtu. Mhandisi angeweza kuchora mstari, lakini aliyeweza kumshawishi mwenye choo kukisogeza ni jirani yake anayezama kwa sababu ya choo hicho.

Hananasif haikuwa hadithi tamu mwanzo hadi mwisho. Mitaro ilihitaji kusafishwa kila mwaka, hamasa ikapanda na kushuka, na eneo lilipokuwa zuri kodi za vyumba nazo zikapanda, jambo ambalo mpangaji hakulishangilia. Sehemu ya kata iliyo bondeni kabisa iliendelea kuzama na ndiyo iliyokutana na tingatinga la 2015. Hata hivyo mradi ule ulionyesha kuwa wakazi wa makazi holela wanaweza kupanga ardhi, yaani kukubaliana nani aache nini ili maji yapite.

Mfano wa pili ni wa ramani. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa mafuriko, Tandale ilichorwa kwa mara ya kwanza kwa undani na wanafunzi na wakazi wake. Kabla ya hapo kwenye ramani nyingi palikuwa karibu peupe. Kutoka mbegu hiyo ukazaliwa mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, ulioshirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wachoraji wa ramani huria ya OpenStreetMap. Wanafunzi wa vyuo waligawanywa kata kwa kata, wakaungana na wakazi waliochaguliwa kupitia ofisi za mitaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Watu wawili wanaufuata mtaro na simu yenye GPS na futi kamba. Wanapima upana, wanapima kina, wanaandika kama ni wa zege au wa udongo, kama umeziba na umezibwa na nini, kalavati lina kipenyo gani na linatokea wapi. Mitaro mingine huishia kwenye ukuta wa nyumba. Nayo huandikwa hivyo hivyo. Kisha wanapiga hodi. Swali si gumu: mara ya mwisho maji yalifika wapi? Mkazi hajibu kwa sentimita. Atasema magotini, kiunoni, au atakuelekeza kwenye ukuta ambapo maji yameacha mistari miwili, wa chini wa mwaka fulani, wa juu wa 2011. Atakuambia pia maji hutokea upande gani kwanza, na hilo hakuna setilaiti inayoliona. Mara nyingi hayatokei mtoni bali nyuma, kwenye mtaro uliozidiwa.

Majibu ya namna hiyo yakikusanywa kwa maelfu na kuwekwa juu ya picha za droni, yanageuka ramani ambayo mhandisi anaweza kuitumia kuamua kalavati lipi lianze. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuitumia kujua wazee na wagonjwa wako nyumba zipi na njia ipi haizami. Uzuri wake mwingine ni kwamba iko wazi. Ramani za mipango miji kwa kawaida hufungiwa kabatini halmashauri. Hii kijana wa Tandale anaifungua kwenye simu yake, akiona kosa analirekebisha.

Kuanzia hapo hata mazungumzo ya wakubwa yalibadilika kidogo. Mwaka 2018, baada ya mfululizo wa mafuriko, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI) na Benki ya Dunia waliendesha vikao kazi vya miezi kadhaa kuhusu Msimbazi. Wahandisi, wapanga miji, maofisa wa taasisi zaidi ya hamsini na wawakilishi wa wakazi walikaa meza moja na kuchora, kupinga na kuchora tena. Mpango uliotoka unaliacha wazo la kuufunga mto ndani ya kuta za zege urefu wake wote. Unataka mto upewe nafasi: upanuliwe, udongo utakaochimbwa utumike kuinua maeneo ya pembeni yanayofaa kujengwa, uwanda wa chini uwe bustani ya jiji inayoruhusiwa kuzama, kingo za juu zipandwe miti na udhibiti wa mchanga uwe wa kweli. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo, Hispania na Uholanzi zikaongeza fedha zao. Karakana ya mabasi ilipangiwa kuondoka Jangwani, na barabara kuinuliwa juu ya daraja jipya refu.

Fidia ilianza kulipwa 2023, na malalamiko yakaandamana nayo. Nyumba inathaminika, ardhi ambayo sheria inasema haikupaswa kukaliwa ina thamani gani? Aliyenunua kiwanja chake kwa hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa ofisi ya mtaa anaona amenunua kihalali kama mtu wa Mbezi. Mjadala huo haukwepeki, na afadhali ufanyike mezani kuliko mbele ya tingatinga. Lakini ni vyema kusema wazi kwamba mkazi aliyealikwa kuchora bustani na asialikwe kujadili bei ya kuondoka kwake amealikwa nusu.

Uholanzi, nchi iliyotia mkono Msimbazi, ina somo lake juu ya jambo hilo. Kule, katika mpango wa kuipa mito nafasi, serikali iliamua kuwa bonde la Overdiep, kando ya Mto Bergsche Maas, lirudishiwe maji wakati wa mafuriko makubwa. Palikuwa na familia 17 za wakulima. Badala ya kusubiri barua ya kuhamishwa, wakulima wenyewe walipeleka pendekezo: shamba lizame inapobidi, ila nyumba na mazizi yainuliwe juu ya vilima vya udongo kandokando ya tuta. Hapakuwa na nafasi ya wote. Wakakaa wao kwa wao kujadili nani abaki na nani alipwe aondoke, na kazi ilipokamilika mwaka 2015 mashamba manane yalikuwa juu ya vilima. Uholanzi ina fedha ambazo Dar es Salaam haina, na mkulima mwenye hati hafanani na mpangaji wa Kigogo. Kinachofanana ni swali la nani anaondoka, na kule liliulizwa mapema na kwa wahusika.

Afrika Mashariki haina muda mwingi wa kujifunza polepole. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mwezi huo huo, kule Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta la reli ya zamani yalifumka alfajiri na kuzoa nyumba watu wakiwa usingizini. Jijini Nairobi, wakazi wa kando ya mto kule Mathare walibomolewa nyumba muda mfupi baadaye, wakiwa bado wanaanika nguo zilizolowa. Alama ya X ina ndugu kila mji.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, inayotaka ziwepo kamati za maafa kutoka taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati ya mtaa ikiwa hai, kazi yake kubwa inafanyika kiangazi: kufukua mitaro Februari kabla ya masika ya Machi, kuorodhesha nyumba zenye watu wasioweza kutembea, kukubaliana na shule iliyo juu ifunguliwe usiku. Maji yanayopita Kinyerezi huchukua saa kadhaa kufika Jangwani. Ni muda wa kutosha kupandisha vyombo, kuzima umeme na kuwatoa watoto, iwapo aliye juu ana namba ya simu ya aliye chini na sababu ya kupiga. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kwa mikoa na wilaya. Kuutafsiri kuwa "usiku huu uchochoro wa nyuma ya msikiti utajaa" ni kazi ya mjumbe wa shina.

Swali gumu kuliko yote litakuja baada ya ujenzi. Bonde likishasafishwa, nani atalilinda lisirudiwe? Historia ya tangu 1979 inaonyesha kuwa ardhi tupu karibu na Kariakoo haikai tupu. Kibao cha "Eneo Hili Si la Makazi" hakijawahi kumzuia mtu mwenye matofali. Ardhi inayolindika ni ile yenye wenyewe kila siku: wakulima wa mboga waliopewa mikataba ya msimu na maji safi ya kumwagilia, timu za mtaani zenye viwanja vyao, wauza miche ya maua ambao tayari wamejaa kandokando ya barabara za jiji. Uwanja wa Kaunda wa Yanga umezama mara nyingi, na ulipozama mazoezi yalihamia kwingine. Hakuna aliyepoteza mtoto. Kiwanja cha mpira kinaweza kukaa ndani ya maji siku mbili, chumba cha kulala hakiwezi. Kwa mpanga miji, huo ndio msingi mzima wa matumizi ya ardhi bondeni.

Ila bustani ya chini haiwezi kuyamaliza maji ya juu. Viwanja vinaendelea kupimwa na kuuzwa Kinyerezi, Pugu na Kisarawe, na mnunuzi huuliza kuhusu umeme, maji na barabara. Matangi matatu ya lita 5,000 yangetosha kupokea mvua yote ya siku kama ile ya 2011 kutoka kwenye paa la mita 100, na yangemwokolea mwenye nyumba bili ya maji wakati wa mgawo. Halmashauri inaweza kuyaweka ndani ya masharti ya kibali cha ujenzi. Mkutano wa mtaa unaweza kukataza njia zote za ndani zisimwagwe zege hadi ukutani. Hadi sasa vikao vya Msimbazi vimejaa watu wa bondeni zaidi. Viti vya watu wa vilimani ni vichache, na wao ndio ambao maji yanaanzia kwao.